Diski ya mashine pepe imepanuliwa, mbona nafasi haionekani?

"Mwanangu, tumeongezewa nafasi, lakini mashine yashikilia kuwa imejaa."

Aliyenipigia simu ni mwalimu mkuu wa madrasa moja ya mtaani, siku chache kabla ya kufunga muhula. Madrasa hiyo huweka hesabu za ada, mishahara ya walimu na orodha ya mayatima wanaofadhiliwa ndani ya programu ya zamani ambayo haikubali kufanya kazi kwenye kompyuta yao mpya. Kwa hivyo waliwekewa Windows 10 ndani ya mashine pepe, na programu yao ikatiwa humo. Mwaka baada ya mwaka diski ya mashine hiyo ikajaa. Fundi akaja, akaipanua kutoka GB 40 hadi GB 80, akawaonyesha nambari kwenye kioo, akalipwa, akenda zake. Walipoiwasha, diski C ilikuwa ni ile ile ya GB 40, na alama yake nyekundu. Fundi alipopigiwa tena, alisema hakuna budi kufuta kila kitu na kuanza upya.

Ushauri huo wa kufuta ndio ulionifanya niandike. Nimeusikia kwa wenye maduka, kwa wanafunzi wa vyuo na kwa vikundi vya akina mama vinavyoweka hesabu zao kwenye kompyuta. Aghlabu si lazima kufuta hata faili moja. Nafasi iliyoongezwa ipo, ila imekwama mahali fulani njiani na haijamfikia anayeihitaji. Kazi ni kujua imekwama wapi.

Nyumba bila ardhi

Mashine pepe ni kompyuta kamili inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine. Programu zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni VirtualBox, VMware, Hyper-V inayokuja na Windows Pro, na QEMU kwa wanaotumia Linux. Mifano yangu mingi itatoka kwa VirtualBox, kwa kuwa ni ya bure na ndiyo wengi wetu tuliyoizoea. Ilianzishwa na kampuni ya Kijerumani ya Innotek, mwaka 2008 ikanunuliwa na Sun, na tangu 2010 iko chini ya Oracle. Kanuni ni zile zile hata ukitumia nyingine.

Kompyuta ya kweli tutaiita mwenyeji, na ile iliyo ndani yake tutaiita mgeni. Mgeni hudhani ana diski yake mwenyewe. Kwa hakika diski hiyo ni faili moja kubwa lililokaa kwenye diski ya mwenyeji.

Sisi watu wa Mombasa hatupati tabu kulifahamu jambo hili. Tumekulia Majengo, Kisauni na Likoni tukiona nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, lakini ardhi ni ya mtu mwingine, na huwezi kuongeza chumba kabla ya kujua mpaka wa ulichopewa. Nafasi ya mashine pepe ina ngazi nne kama hizo:

1. Ardhi. Hii ni nafasi halisi kwenye diski ya mwenyeji.
2. Kiwanja. Hili ni faili la diski pepe, lenye kikomo chake kilichoandikwa, kwa mfano GB 80.
3. Ukuta. Hii ni patisheni, yaani mgao ndani ya diski, kama ule tunaouona kwa jina la C.
4. Vyumba. Huu ni mfumo wa faili, kama NTFS au ext4, ambao ndio unaopanga mafaili ndani ya patisheni.

Fundi wa madrasa alipanua kiwanja pekee. Ukuta ulibaki pale pale, na eneo jipya likabaki nje ya ukuta. Ngazi moja ikibadilishwa, nyingine hazina habari. Lazima uzipite moja moja kwa mpangilio huu, na ile ngazi ambayo nambari inagoma kuongezeka ndiyo yenye tatizo.

Nakala kwanza, kabla ya chochote

Kupanua diski ni kazi salama ikifanywa sawasawa, lakini kosa moja kwenye patisheni laweza kukuondolea kila kitu. Zima mashine pepe kabisa. Usitumie "Save the machine state", kwa sababu hiyo huilaza tu. Kisha nakili folda nzima ya mashine hiyo, pamoja na faili la .vbox, faili la diski na folda ya "Snapshots" kama ipo, uiweke kwenye diski ya nje.

Hapa wengi hukutana na kizuizi cha kwanza. Fleshi nyingi na baadhi ya diski za nje huwa zimefomatiwa kwa FAT32, na mfumo huo haubali faili linalofika GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno hata kama fleshi ina GB 64 tupu. Dawa ni kuifomati diski ya nje kwa exFAT au NTFS, baada ya kuhamisha vilivyomo.

Zaidi ya nakala hiyo, ingia ndani ya programu yako ya hesabu utoe data zenyewe, ama kwa Excel ama kwa njia yoyote iliyo nayo, uziweke kando. Nakala ya mashine nzima hukuokoa mashine ikiharibika. Nakala ya data hukuokoa hata ikiwa mashine yenyewe haiwaki tena.

Ngazi ya kwanza: je, mwenyeji ana nafasi ya kweli?

Diski pepe ni za aina mbili. Moja huchukua nafasi yote tangu siku ya kwanza: ukisema GB 80, faili linakuwa na GB 80 hapo hapo. Nyingine hukua polepole kadiri mgeni anavyoandika, na hiyo ndiyo VirtualBox hukupa usipochagua. Diski iliyoandikwa GB 80 yaweza kuwa na faili la GB 25 tu mwanzoni.

Aina hii ya pili ndiyo huwadanganya watu. Unaweza kuandika kikomo cha GB 200 kwenye kompyuta iliyobakisha GB 30, na VirtualBox haitakuzuia. Itakubali, na utafurahi, mpaka siku diski ya mwenyeji itakapojaa. Siku hiyo mashine pepe husimamishwa katikati ya kazi na ujumbe wenye maneno VERR_DISK_FULL au DrvVD_DISKFULL. Ukiuona ujumbe huo, usiizime mashine kwa nguvu. Punguza vitu kwenye kompyuta mwenyeji kwanza, kisha rudi uiendeleze pale iliposimama.

Kanuni yangu ni hii: kabla ya kupanua kwa GB 40, mwenyeji awe na GB 40 hizo tupu, na nyingine kama 20 za kupumulia. Ikiwa hana, hamisha mashine pepe kwenye diski kubwa zaidi. VirtualBox za sasa zina neno "Move" ukibonyeza jina la mashine kwa kitufe cha kulia cha mausi. Litumie hilo. Ukikata na kubandika mafaili kwa mkono, VirtualBox haitajua yamekwenda wapi. Na ukihamishia diski ya nje, usiichomoe wakati mgeni yuko macho.

Jambo jingine huwashangaza watu: mgeni akifuta mafaili, faili la diski kwa mwenyeji halipungui. Likishakua limekua. Kulipunguza kuna hatua mbili. Ndani ya Windows, endesha programu ndogo ya Microsoft iitwayo SDelete ili ijaze sufuri kwenye nafasi tupu:

sdelete -z c:

Kisha zima mgeni na kwa mwenyeji andika:

VBoxManage modifymedium disk "njia\ya\diski.vdi" --compact

Kumbuka kuwa hatua ya sufuri yenyewe hulifanya faili likue kwanza hadi kikomo chake kabla halijapunguzwa. Usiianze ikiwa mwenyeji yuko karibu kujaa.

Ngazi ya pili: je, kiwanja kimepanuliwa kweli?

Kwenye VirtualBox fungua "Virtual Media Manager", chagua diski, sogeza kipimo cha ukubwa, kisha bonyeza "Apply". Anayependa amri ataandika hivi kwenye dirisha la amri la mwenyeji:

VBoxManage modifymedium disk "njia\ya\diski.vdi" --resize 81920

Nambari hiyo ni ya megabaiti, na 81920 ni GB 80. Kuna watu huandika 80 wakidhani ni gigabaiti, wakakataliwa. VirtualBox huona umeitaka diski ipungue hadi MB 80, na kwa amri hii diski haipunguzwi, hupanuliwa tu. Kwa hiyo fikiri kabla ya kuchagua ukubwa: kurudi nyuma ni vigumu kuliko kwenda mbele.

Ukikataliwa japo nambari ni sahihi, angalia mwisho wa jina la faili. Amri hiyo ni ya diski za VDI na VHD zinazokua polepole. Diski ya VMDK, ambayo hupatikana sana kwa mashine zilizotoka VMware au zilizoingizwa kwa faili la .ova, igeuze kwanza iwe VDI:

VBoxManage clonemedium disk "ya_zamani.vmdk" "mpya.vdi" --format VDI

Kisha panua hiyo mpya, na kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya "Storage", ondoa ya zamani uweke mpya. Usiifute ya zamani mpaka mpya imewaka na umehakikisha data zako zimo.

Wa Hyper-V wajue kuwa faili la aina ya VHD lina mwisho wa GB 2040. Anayehitaji zaidi ageuze liwe VHDX, ambalo hufika TB 64. Wa QEMU watatumia:

qemu-img resize diski.qcow2 +40G

Sasa tuje kwenye snapshoti, na hapa nina kisa changu mwenyewe. Snapshoti ni picha ya hali ya mashine kwa wakati fulani, ili ukiharibu uweze kurudi. Tangu siku ulipoipiga, maandishi mapya hayaendi tena kwenye faili la asili. Huenda kwenye faili la pili lililo ndani ya folda ya "Snapshots". Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natafuta nafasi kwenye kompyuta ya duka la jamaa yangu. Nikaona mafaili yenye majina marefu yasiyoeleweka kwenye folda hiyo, nikadhani ni takataka, nikayafuta. Hesabu za miezi mitatu zilikuwa humo. Zilipotea, na tukakaa usiku kwa usiku tukizirudisha kutoka kwa risiti za karatasi. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Usifute kitu chochote ndani ya folda hiyo kwa mkono.

Snapshoti huzuia upanuzi pia. Ukipanua faili la asili huku snapshoti zipo, mgeni anaendelea kutumia faili la pili lenye kikomo cha zamani, na mabadiliko hayamfikii. VMware Workstation hukizima kabisa kitufe cha kupanua ikiwa kuna snapshoti, na Hyper-V nayo haikupi nafasi ya kuhariri diski. Njia sahihi ni kufungua orodha ya snapshoti ndani ya programu, kuchagua iliyopo na kubonyeza "Delete". Neno hilo huogopesha, lakini ukilitumia ndani ya programu huunganisha faili la pili na la asili, na hali yako ya leo inabaki salama. Kuunganisha huchukua muda na huhitaji nafasi ya ziada kwa mwenyeji, ndiyo maana tulianza na ngazi ya kwanza.

Ili kuthibitisha kiwanja kimepanuka, andika:

VBoxManage showmediuminfo disk "njia\ya\diski.vdi"

Utaona mstari wa "Capacity", ambao ni kikomo, na mstari wa "Size on disk", ambao ni ukubwa wa faili kwa sasa. Ikiwa "Capacity" ni 81920, ngazi hii imekwisha.

Ngazi ya tatu: ukuta

Washa mgeni. Kama ni Windows, bonyeza vitufe vya Windows na R pamoja, andika diskmgmt.msc. Utaona mchoro wa diski: C yako, na mwishoni eneo jeusi lililoandikwa "Unallocated". Hizo ndizo GB 40 zako zilizopotea. Bonyeza C kwa kitufe cha kulia, chagua "Extend Volume", fuata maelekezo mpaka mwisho. Mambo yakiwa mepesi, kazi imekwisha, kwani Windows hupanua ukuta na vyumba kwa pamoja.

Mara nyingi hayawi mepesi. "Extend Volume" inakuwa na rangi ya kijivu na haibonyezeki. Sababu ni moja karibu kila mara: Windows hupanua C kuelekea kulia tu, na eneo tupu lazima liwe limegusana nayo. Windows 10 na 11 huweka patisheni ndogo ya "Recovery" upande wa kulia wa C, nayo hukaa katikati kama mlinzi. Una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuisogeza. Pakua GParted Live, ambayo ni ya bure, iweke kama CD ya mashine pepe, na uwashe mgeni kutoka humo. Buruta patisheni ya "Recovery" hadi mwisho wa diski, kisha panua C. Kabla ya hapo, izime Windows kikamilifu kwa amri hii, kwa sababu kuzima kwa kawaida huiacha nusu macho na GParted hukataa kuigusa:

shutdown /s /t 0

Ikiwa C imefungwa kwa BitLocker, fungua kwanza.

Njia ya pili ni kuiondoa. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, uandike moja baada ya nyingine:

reagentc /disable
diskpart
list disk
select disk 0
list partition

Soma orodha kwa makini. Tafuta iliyoandikwa "Recovery" yenye MB mia kadhaa. Tuseme ni ya 4:

select partition 4
delete partition override
exit

Sasa rudi kwenye mchoro, panua C, na mwisho andika:

reagentc /enable

Amri ya mwanzo huhamisha zana za uokoaji ndani ya C, na ya mwisho huziwasha tena humo. Neno "override" halikuulizi mara mbili, kwa hiyo nambari ya patisheni iangalie, uiangalie tena.

Windows za zamani kama XP haziwezi kupanua patisheni yao ya mfumo kwa zana zake zenyewe. Kwa hizo GParted ndiyo njia. Na yeyote anayepita TB 2 ajue kuwa jedwali la zamani la patisheni liitwalo MBR huishia hapo. Zaidi ya hapo diski lazima itumie GPT.

Kwa Linux, anza kwa kutazama:

lsblk

Mstari wa "disk" ni kiwanja, mistari ya "part" ni kuta. Kiwanja kikisema 80G na ukuta 40G, andika:

sudo growpart /dev/sda 1

Tambua kuwa kuna nafasi kati ya sda na 1. Wengi huandika sda1 wakapata kosa. Kwenye QEMU jina huwa vda badala ya sda. Amri isipopatikana, kwenye Ubuntu na Debian imo katika pakiti ya cloud-guest-utils.

Debian nyingi zina mlinzi wao pia: patisheni ya swap, kawaida sda5 iliyo ndani ya sda2, hukaa kulia kwa sda1. Izime kwa "sudo swapoff -a", ifute kwa cfdisk pamoja na ile inayoibeba, ndipo growpart itafaulu. Baadaye tengeneza faili la swap badala yake, na usisahau kuondoa mstari wa zamani wa swap ndani ya /etc/fstab. Ukiuacha, mashine itasubiri kama dakika moja na nusu kila inapowaka, ikitafuta kitu ambacho hakipo.

Ngazi ya nne: vyumba

Linux, tofauti na Windows, hukuachia kazi ya vyumba mwenyewe. Kama mfumo wa faili ni ext4:

sudo resize2fs /dev/sda1

Kama ni XFS, ambayo hupatikana sana kwenye Red Hat na jamaa zake:

sudo xfs_growfs /

Usipojua ni upi, "df -T /" itakwambia.

Ubuntu Server ina ghorofa moja zaidi katikati, iitwayo LVM. Kisakinishi chake mara nyingi hakiigawi diski yote kwa mfumo, huacha sehemu kando. Kwa hiyo hata mashine mpya yaweza kuonyesha nusu tu ya ulichoipa. Kwa kawaida hatua ni hizi:

sudo growpart /dev/sda 3
sudo pvresize /dev/sda3
sudo lvextend -l +100%FREE -r /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Ile -r ya mwisho hupanua mfumo wa faili hapo hapo. Ikiwa hukugusa kiwanja, na shida ni ile sehemu iliyoachwa tu, mstari wa tatu pekee unatosha.

Kuna mtego mmoja: diski ikijaa asilimia 100, growpart yenyewe hushindwa, kwa sababu inahitaji kuandika kitu kidogo ndani ya /tmp. Safisha kidogo kwa "sudo apt clean", au iazime /tmp kumbukumbu ya RAM kwa muda:

sudo mount -t tmpfs tmpfs /tmp

Rudia growpart, maliza hatua zilizobaki, kisha uanzishe upya mashine.

Nafasi ipo, na bado yakataa

Wakati mwingine ngazi zote nne ziko sawa na bado unaambiwa "No space left on device". Tazama haya matatu kwenye Linux.

La kwanza, andika "df -i". Mfumo wa ext4 huwa na idadi maalumu ya mafaili unayoweza kuweka, mbali na ukubwa wake. Mamilioni ya mafaili madogo yaweza kuimaliza idadi hiyo huku gigabaiti zikibaki.

La pili, faili likifutwa wakati programu bado inalitumia, nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo ifungwe. Amri "sudo lsof +L1" huyataja mafaili ya namna hiyo.

La tatu, ext4 kwa kawaida huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi peke yake. Kwenye GB 80 hiyo ni GB 4 ambazo mtumiaji wa kawaida hazioni.

Wala usishtuke ukinunua diski ya GB 500 na Windows ikaonyesha 465. Muuzaji huhesabu gigabaiti kwa mabilioni, na Windows huhesabu kwa 1024 mara tatu. Hakuna aliyekuibia.

Dalili kwa ufupi

Mashine imesimama na ujumbe wa VERR_DISK_FULL: ni ngazi ya kwanza. Mwenyeji amejaa.

Kunakili kumegoma kwenye GB 4: diski ya nje ni FAT32.

Amri ya --resize imekataliwa: ni ngazi ya pili. Tazama aina ya faili, na nambari uliyoandika.

Umepanua na mgeni haoni chochote, hata eneo jeusi: ni ngazi ya pili. Kuna snapshoti.

Eneo jeusi lipo, "Extend Volume" ni ya kijivu: ni ngazi ya tatu. Kuna patisheni katikati.

lsblk inaonyesha nafasi mpya, df haionyeshi: ni ngazi ya nne. Bado resize2fs, xfs_growfs au lvextend.

Yaliyokuwa madrasani

Nilikwenda baada ya salatul-asri. Kompyuta mwenyeji ilikuwa imebakisha GB 11 tu, kwa hiyo hizo GB 80 za fundi hazikuwa na ardhi ya kukalia. Kulikuwa na snapshoti ya miaka miwili nyuma ambayo hakuna aliyeikumbuka. Na ndani ya Windows, patisheni ya "Recovery" ilikuwa imekaa kulia kwa C. Vizuizi vitatu, kwenye ngazi tatu, na fundi alitazama moja tu.

Tulitoa kwanza orodha ya mayatima na hesabu za ada, tukaziweka kwenye fleshi. Tukanakili mashine nzima kwenye diski ya nje, tukahamisha video za sherehe za zamani ili kuachia nafasi, tukaunganisha snapshoti, tukapanua tena, tukaiondoa ile patisheni. Kabla ya isha, C ilikuwa na GB 79 na programu ikafunguka na majina yote. Mwalimu aliyatafuta mayatima watatu kwa majina ili kuhakikisha, akawaona, akahimidi.

Kwa hiyo fundi akikwambia dawa ni kufuta, muulize maswali manne: mwenyeji ana nafasi kiasi gani, "Capacity" inasema nini, je, kuna snapshoti, na patisheni zimepangwaje? Akishindwa kuyajibu, usimpe ruhusa ya kufuta. Funika kompyuta, chukua nakala, utafute mwingine. Data ni amana ya watu, na wengi wao hawana nakala nyingine popote.